Mapafu ya Mfano

Paliondokea nchi, na mpaka leo haijaondoka, iitwayo Jamhuri ya Heko. Msiisake kwenye ramani. Wachora ramani waliambiwa waichore kwa ukubwa unaolingana na heshima yake, na karatasi haikutosha.

Waheko walikuwa watu wa shukrani. Mtoto alipozaliwa, hata kabla hajalionja titi la mama yake, alibandikwa kifuani, upande wa kushoto, beji ya madini ya risasi yenye sura ya Mlezi Mkuu wa Taifa akitabasamu. Mtu alilala nayo, alioga nayo, na alipokufa alizikwa nayo, ili huko aendako asidhaniwe kuwa hana kwao. Kuivua mbele ya watu lilikuwa kosa. Liliitwa Kumvua Mlezi, na adhabu yake ilikuwa gereza. Beji zenyewe hazikulingana. Mtu wa kawaida alivaa ya ukubwa wa kizibo cha soda. Aliyejituma katika kushangilia alipandishwa hadi ya ukubwa wa kisahani cha chai. Mawaziri walivaa kadhaa kwa pamoja, uzito ukawafanya watembee wameinama, na wananchi wakawa wanaambiana, tazameni unyenyekevu wa viongozi wetu.

Basi katika mji wa Mawemeupe, mji wa machimbo ya kokoto, alikuwepo mama aitwaye Sikudhani, kiongozi wa Kina Mama wa Mapokezi. Kazi ya kikundi chake ilikuwa kupanga mstari kandokando ya barabara na kumpokea kila mkubwa aliyepita, na kama mkubwa mwenyewe hakupita, kulipokea gari lake. Kigelegele cha Sikudhani kilijibiwa na mbwa wa wilaya jirani. Wala hakuwa anaigiza. Aliiamini Serikali kwa moyo mweupe, kama mtoto anavyoamini kwamba baba yake ndiye mwenye nguvu kuliko watu wote mtaani. Mwaka mmoja msafara wa Mlezi Mkuu ulipita Mawemeupe, kioo cha gari kikashuka kidogo, mkono ukatoka ukatupa ganda la ndizi. Sikudhani alisimulia miaka yote kwamba alipungiwa.

Mumewe, Shomari, alikuwa mponda kokoto, mtu wa maneno machache na utani mkavu. "Mama Hidaya," alimwambia mkewe, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, "Serikali ikikupa mkono, ukishamaliza kuamkiana nayo hesabu vidole vyako." Sikudhani alicheka, kisha akamwomba Mungu amsamehe mumewe.

Masika yalipoanza Shomari alianza kukohoa. Masika yakaisha, kikohozi hakikuisha. Akapungua hadi suruali ikataka kamba, na akawa analala na kuamka amelowa jasho kama aliyenyeshewa. Mawemeupe walikuwa wameshawazika wengi walioanza hivyo hivyo, na Sikudhani aliwajua kwa majina. Akawa anasikiliza kila pumzi ya mumewe, moyo juu juu.

*

Ndipo Redio Heko ilipotangaza ujio wa mashine. Ilikuwa mashine ya eksirei, ndogo, ya kubebwa na mtu mmoja, iliyofungwa kwenye kompyuta. Inakupiga picha ya kifua, kompyuta inaisoma palepale, na kama ikiona kivuli kinachofanana na kifua kikuu inasema, ili upelekwe ukatoe makohozi, ugonjwa uhakikishwe na dawa zianze. Hapakuwa tena na haja ya kumngoja daktari bingwa ambaye kwa kawaida alifika baada ya arobaini. Gharama yake kwa kila mtu ilikuwa ndogo kuliko soda iliyonywewa na kila mjumbe wa kikao kilichoijadili. Nchi nyingine zilikuwa zinaitumia na watu wao walikuwa wanapona, jambo ambalo redio ililitaja harakaharaka kabla ya kwenda kwenye muziki.

Sikudhani alipewa kazi ya kuhamasisha. Alizunguka nyumba kwa nyumba hadi visigino vikapasuka. Mlango mgumu kuliko yote ulikuwa wa jirani yake, Mama Chausiku, muuza vitumbua, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa hauna mlinzi.

"Mwenzangu," alisema Mama Chausiku akigeuza vitumbua, "hiyo mashine ikiniona naumwa, nitapewa dawa au nitapewa hotuba?"

"Utapewa dawa. Nakuapia mimi, Sikudhani."

"Haya. Nitakuja. Lakini elewa, nimekusikia wewe, sikuwasikia wao."

Shomari naye alivutwa kwa maneno hayo hayo. Hakutaka kwenda. Alisema hajawahi kuona Serikali ikimtazama mtu ndani bila kutafuta kitu cha kuchukua. Sikudhani akamshika mkono akamwambia, "Baba Hidaya, nenda kwa ajili yangu." Akamtazama, akasema, "Kwa ajili yako, sawa."

*

Siku ya uzinduzi alikuja Naibu Waziri wa Afya na Pongezi, Mheshimiwa Lukwaro, mwenye beji saba kifuani zilizokuwa zikigongana kama vijiko kwenye karai.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni ndiye huyu, amekuja. Sasa kazi ni kwenu, poneni! Serikali yenu sikivu, tulivu na angavu imeamua kuingia ndani ya vifua vyenu, na haitatoka mpaka kieleweke! Mimi mwenyewe, kama mfano, nitatangulia."

Akasimama mbele ya mashine, kamera za magazeti zikiwa tayari. Bwana Njiku, fundi wa eksirei, akabonyeza. Kompyuta ikasema kwa sauti ya mwanamke mpole: "Samahani. Kuna vitu vya chuma kifuani. Tafadhali vivue nikuone."

Hata mbuzi waliokuwa wakila maua ya mapokezi waliacha kutafuna. Bwana Njiku, jasho likimtoka, akabonyeza tena.

"Tafadhali vivue nikuone," ilisema mashine, kwa upole zaidi, na upole huo ndio ulioharibu mambo.

Mkuu wa polisi wa wilaya akajitokeza akapiga saluti mbele ya mashine. "Uko chini ya ulinzi kwa kosa la kuchochea Kumvua Mlezi. Taja jina lako na jina la baba yako."

"Tafadhali vivue nikuone."

Ikaandikwa kwamba mtuhumiwa alirudia kosa mbele ya ofisa. Mashine ikafungwa pingu kwenye waya wake ikapelekwa rumande, na kwa kuwa ilihitaji umeme, ndiyo mahabusu wa kwanza wa Heko aliyewashiwa taa. Watu wakatawanywa bila kupimwa. Shomari, aliyekuwa kwenye foleni, alicheka mpaka kicheko kikamgeukia kikohozi, akainama, akajifuta kwa kiganja. Sikudhani aliiona damu kabla mumewe hajaificha mfukoni.

*

Iliundwa Tume ya Nidhamu ya Mashine. Mjumbe mmoja alipendekeza watu wavue beji kwa muda ule tu wa kupigwa picha. Jioni hiyo yeye ndiye aliyevuliwa, ujumbe pamoja na beji. Mwingine alipendekeza beji zihamie mgongoni. Akaulizwa kama anataka kumpa Mlezi kisogo. Mwishowe yakakubaliwa maoni ya Mheshimiwa Lukwaro, kwamba mashine haikuwa na nia mbaya, ilikuwa tu imesomea nje ya nchi. Basi ifundishwe upya, nyumbani.

Wakaionyesha maelfu ya picha za watumishi wa Wizara, kila mmoja na beji yake, na kila picha wakaiambia: huyu ni mzima. Maana kwa mujibu wa waraka, mtumishi wa Wizara ya Afya na Pongezi haumwi. Wengine wao walikohoa wakati wa kupigwa picha, lakini picha haina sauti. Mashine, maskini, ni mwanafunzi mwaminifu, hushika inachofundishwa. Ikashika kwamba palipo na beji pana afya, na beji ikiwa kubwa, afya ni kubwa. Ikafaulu mitihani yote, ikatunukiwa beji yake.

Uzinduzi wa pili ulipopangwa, Sikudhani naye alipandishwa cheo kwa uhamasishaji wake akapewa ile ya kisahani. Kwa furaha hakulala. Na asubuhi, akitaka mumewe aheshimiwe na wataalamu, alifunga mlango, akajivua beji yake kubwa akambandika Shomari mwenyewe kwa mikono yake, kushoto, juu kidogo, palepale ambapo mumewe alikuwa anajishika akikohoa.

"Hii ni yako," Shomari akasema.

"Leo ni yako, mimi nitavaa ile yako. Nataka wakuone mtu."

Mashine ikampiga picha. Haikusita hata kidogo. "Mapafu safi," ilisema. "Mapafu ya mfano. Heko!"

Foleni ilikwenda upesi siku hiyo. Mama Chausiku alikuwa safi. Wazee waliobebwa kwenye mikokoteni walikuwa safi. Kufika adhuhuri Mawemeupe haikuwa na kifua kikuu, na Mheshimiwa Lukwaro alitangaza kwamba ugonjwa huo umeomba radhi na kuondoka.

*

Shomari alipewa Cheti cha Mapafu ya Mfano, chenye fremu. Wakampiga picha nyingine, ya kawaida, wakaikuza wakaisimika njia panda, bango refu kuliko nyumba: Shomari na ile beji ya kisahani, iliyobaki kuwa yake, na maandishi HAYA NDIYO MAPAFU.

Hapo likatokea jambo ambalo Sikudhani hakulitarajia. Shomari aliamini. Huyu mtu aliyekuwa akiidhihaki Serikali kila alipovua viatu, sasa alikwenda machimboni kwa njia ndefu ili apite penye bango. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsifia kitu. Alisifiwa kokoto zake tu, tena na wanunuzi waliotaka kupunguziwa. Sasa nchi nzima ilikuwa inamsifia kilichomo ndani yake, mahali ambapo hata yeye hajawahi kufika. Utani ukampungua. Akaanza kutembea kifua mbele, akihema.

Kikohozi lakini hakikujua kusoma cheti. Sikudhani alimpeleka zahanati, na mwuguzi akakisoma cheti mpaka chini.

"Mama, huyu ni mzima kwa sahihi ya Naibu Waziri. Nikimpa dawa mtu mzima nimeiba dawa ya Serikali."

"Anatema damu, mwanangu. Nimeiona kwa macho yangu."

"Macho yako yana cheti?"

Shomari alimvuta mkewe mkono. "Umesikia? Twende. Unaniaibisha."

*

Baada ya wiki kadhaa wakubwa walikuja Mawemeupe kwa ziara ya kujipongeza. Walifikia kwenye nyumba ya wageni ya Serikali, na Sikudhani, kwa uaminifu wake, akaitwa kuhudumu. Alipewa sinia lililotandikwa kitambaa cheupe, akaambiwa asimame karibu na pazia la chumba cha ndani, uso ukutani, na asisikie kitu.

Wakubwa wakaingia mmoja mmoja. Kila aliyepita alifungua shati na kuweka beji zake kwenye sinia. Kling, kling, kling. Kisha nyuma ya pazia Sikudhani akaisikia sauti aliyoijua, ile ya mwanamke mpole.

"Asante. Sasa nakuona. Mapafu safi."

Akaingia wa pili. Kling, kling.

"Asante. Sasa nakuona. Kuna kivuli juu, upande wa kushoto. Apelekwe akatoe makohozi leo hii."

Pakawa na hekaheka, kikopo kikaletwa, gari likawashwa, na kabla ya chai ya saa kumi jibu lilikuwa limerudi na mkubwa yule ameshameza dozi yake ya kwanza. Sikudhani alikuwa bado amesimama. Sinia lilikuwa limejaa Walezi Wakuu wanaotabasamu.

Walikuwa wanajua. Hilo ndilo lililomkata maini. Angeweza kuwasamehe ujinga, maana yeye mwenyewe alikuwa mjinga, tena mjinga wa mbele, mwenye kigelegele. Lakini hawa hawakukosea. Walijua beji inaficha nini, na kila mmoja wao aliivua yake kwanza. Yeye wakamwachia aende akaape milangoni mwa watu. Alilia kimya, uso ukutani kama alivyoagizwa.

Mheshimiwa Lukwaro akatoka akifunga vifungo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama."

"Mheshimiwa, nina ombi. Mume wangu naye apigwe picha hivi hivi, kifua wazi. Anatema damu."

"Mumeo yupi?"

"Yule wa kwenye bango."

Mheshimiwa alishtuka. "Yule? Mama, yule ndiye ushahidi wetu! Picha yake nimeipeleka mpaka kwenye mkutano wa kimataifa! Unataka tumuumbue?"

"Nataka apone."

"Amekwisha kupona, tena kwa mfano." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameambiwa mapafu yake ni safi na alikuwa na moyo mkunjufu, alimweleza kwa upole kama mwalimu. "Sikiliza, mama. Sheria zetu ni nyeupe. Beji huvuliwa mahali pawili tu. Hapa nyuma ya pazia, kwa viongozi. Na langoni pa gereza, kwa wafungwa, maana msaliti hastahili kuivaa. Wafungwa nao hupigwa picha palepale na kutibiwa. Wafadhili wanalishupalia sana suala la wafungwa. Sasa, mumeo ni kiongozi?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ni mfungwa?"

"Hapana."

"Basi mshukuru Mungu." Akampa kifua. "Hebu nibandike, mama. Kubwa ianze."

Sikudhani akambandika, zote saba.

*

Alimweleza mumewe kila kitu, pazia, sinia na ile sauti. Shomari alimsikiliza, macho kwenye cheti kilichoning'inia ukutani.

"Unaumwa, baba Hidaya. Mashine imefundishwa uongo."

"Aliyenipeleka nani?"

"Mimi."

"Aliyeapa nani?"

"Mimi."

"Basi usiniapie mara ya pili."

Akamsihi aende aivue ile beji mbele ya kituo cha polisi, akamatwe, atibiwe. Shomari akamwangalia kama anayemwangalia mwendawazimu. "Nijifunge mwenyewe? Mimi ambaye watoto wanapita njia panda wanauamkia uso wangu shikamoo?" Mazungumzo yakaishia hapo, na damu ikaendelea.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana alijilaza kiubavu kwenye mkeka chumbani, na mkewe akawa anamsugua mgongo kwa mafuta ya nazi. Kila ubavu uliguswa na kidole. Pumzi ilikuwa inakwenda na kurudi kwa tabu. Shomari, macho amefumba, beji kubwa imemlemea, akasema polepole, kwa ile sauti yake ya zamani: "Mama Hidaya, huyu mtu ananikalia kifuani. Hata mtoto ukimpakata anafika mahali anashuka."

Akacheka. Sikudhani naye akacheka, machozi yakimtoka, maana alikuwa amemkumbuka sana mtu huyu. Na katika kucheka huko ndipo alipojua atafanya nini. Alijichukia kabla hajafanya.

*

Ofisi ya Usikivu, walikochongewa watu, ilikuwa karibu na soko. Ofisa alimkaribisha kiti.

"Kwamba alisema Mlezi Mkuu anamkalia kifuani?"

"Ndiyo, afande."

"Na kwamba hata mtoto anafika mahali anashuka. Maana yake Mlezi ashuke! Una mashahidi wangapi?"

"Sina. Aliniambia mimi tu. Chumbani."

"Ah!" Uso wa ofisa ukachangamka. "Basi hatuhitaji. Maneno ya barabarani yanataka mashahidi wawili. Ya chumbani hayataki hata mmoja. Serikali inaiheshimu ndoa." Akagonga muhuri. "Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Umefanya vizuri."

Walimkamata njia panda, chini ya bango lake, na Kina Mama wa Mapokezi wakaamriwa wawepo kuimba wimbo wa kulaani. Askari alisoma shtaka kwa kipaza sauti. Shomari alikuwa ametulia, akidhani wamemfananisha na mtu mwingine, mpaka aliposikia maneno yenyewe: mkeka, mafuta ya nazi, huyu mtu ananikalia kifuani, hata mtoto ukimpakata. Yalitoka kinywani mwa askari kwa mpangilio uleule. Hakumtazama askari. Aligeuza shingo taratibu akawatazama kina mama, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia.

Kiongozi wa kikundi ndiye anayeanzisha. Walikuwa wanamngoja. Kama angenyamaza polisi wangeshuku, kama wangeshuku wangempeleleza, na mumewe angerudishwa nyumbani kufa na cheti chake. Sikudhani akafungua kinywa, na kigelegele kikatoka. Mbwa wa wilaya jirani walikijibu.

"Mtu wako mwenyewe!" Mama Chausiku akamwambia jioni, akatema mate chini, akafunga mlango wake.

*

Langoni pa gereza walimvua beji, na mashine ya pale ikasema, "Asante. Sasa nakuona." Makohozi yakathibitisha. Shomari akaanza dawa za miezi sita, akizimeza kila asubuhi mbele ya askari, mdomo wazi ionekane hakuficha kidonge shavuni. Hakuna mgonjwa wa Heko aliyewahi kupata huduma bora kuliko hiyo.

Sikudhani hakwenda kumwona. Wageni walisikilizwa neno kwa neno, na yeye hakuuamini uso wake. Ikijulikana mtu amefungwa ili atibiwe, angeachiwa mara moja na kurudishiwa uzima wake. Nyumbani kwake wakaacha kufika watu. Akiingia dukani, mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa. Serikali ikamtunuku beji ya ukubwa wa sahani ya wali.

Mwisho wa mwaka Mheshimiwa Lukwaro alisoma ripoti. Kifua kikuu, alisema, hakikuonekana kwa raia yeyote aliyevaa beji. Kilionekana magerezani tu. Hivyo sayansi imethibitisha kwamba ugonjwa huu unasababishwa na usaliti. Akapandishwa kuwa Waziri kamili. Pale njia panda uso wa Shomari ulibandikwa juu yake uso wa mtu mwingine, lakini kifua kiliachwa, kwa kuwa kilikuwa cha mfano.

Mama Chausiku alipoanza kukohoa, Sikudhani aliruka ua akamweleza siri yote, akipiga magoti kwenye unga wa vitumbua. Mama Chausiku alimsikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kesho yake alikwenda kituoni na karai lake la vitumbua, akavua beji yake akaitupa kwenye mafuta mbele ya zamu nzima. Wengine wakafuata. Gereza likajaa, hadi polisi wakawa wanageuza nyuso wakiona mtu anashika beji yake, na aliyetaka kukamatwa upesi ilibidi ajuane na mtu.

*

Shomari aliachiwa dozi ilipokamilika. Alirudi mashavu yamejaa, akipumua bila kusikika, na beji mpya ya kizibo aliyobandikwa wakati wa kutoka. Sikudhani alikuwa amepika wali na samaki wa nazi. Alipomwona akiingia kwa miguu yake, kifua kimetulia, alikaa chini. Akamweleza hapohapo sakafuni, yote, tangu sinia mpaka kigelegele.

"Najua," Shomari akasema. "Habari zilipita ukutani, kutoka upande wa wanawake. Mama Chausiku alihakikisha zinafika. Bila hivyo nisingekuwa hai. Asante, mama Hidaya."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Alisema kwa kumaanisha, na Sikudhani akalijua hilo, moyo ukamfunguka. Akampakulia. Akaketi mbele yake akimwangalia anavyokula, akingoja. Alikuwa amemngoja mtu huyu miezi yote hiyo. Alitaka neno moja tu la kijinga, kuhusu vitanda vya gerezani, kuhusu yule mtu mpya aliyepewa kifua chake.

"Samaki wamekolea?" akauliza.

"Wamekolea vizuri," Shomari akasema. "Chumvi inapatikana siku hizi. Serikali inajitahidi."

Sikudhani akacheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. Akainuka akafunga mlango. Akafunga na dirisha. Akarudi akaketi karibu naye, magoti yakagusana.

"Baba Hidaya. Ni mimi. Tuko wawili tu."

Shomari aliutazama mlango, kisha akamtazama yeye, bila hasira yoyote.

"Hata siku ile tulikuwa wawili tu," akasema, akamega tonge, akaendelea kuisifia chumvi.